Sura ya Nne: Mti ni wa Nani?

Panda daladala ya Chwaka, ukae upande wa dirisha. Kuanzia Mwera hadi Koani na Dunga macho hayaoni ila kijani: miembe iliyoshonana, minazi, migomba, hapa na pale mfenesi uliobeba mpaka kwenye shina. Udongo ni kinongo, mwekundu na mzito, ule ambao ukinyesha hukataa kutoka kwenye kiatu. Ukishaipita Dunga, bila ya mtu kukutangazia, kisiwa hubadilika. Udongo hupungua, jiwe hutokeza. Miti hufupika, vichaka hushika njia, na konde la mkulima huonekana kwa vijishimo alivyovichokoa baina ya mawe, kila kimoja na mbegu zake. Wenyewe huuita uwanda, na palipo mawe matupu huitwa maweni. Unguja ina kilomita za mraba zipatazo 1,600, na zaidi ya nusu yake ni jiwe hilo la matumbawe lenye ngozi nyembamba ya udongo juu.

Mgeni hudhani kisiwa kiliumbwa hivyo tangu mwanzo. Kwa jiwe ni kweli. Hakuna serikali iliyoliweka. Lakini kile kijani cha magharibi hakikuota chenyewe. Mwembe ulipandwa, mkarafuu ulipandwa, na msitu wa asili uliotangulia ulikatwa kwa shoka na watu ambao wengi wao hawakulipwa hata pesa moja. Kila utawala ulioshika visiwa hivi ulikuwa na kitu ulichokitaka kutoka ardhini, na ili ukipate ulianza kwa kuamua jambo moja: mti ni wa nani. Ukilifuata swali hilo kutoka kwa Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, mpaka kwenye hoteli za pwani ya mashariki, mengi yaliyotokea katika ardhi ya Zanzibar yatakufungukia.

Wahadimu wa kusini na mashariki, na Watumbatu wa kaskazini, wenyeji wa zamani wa Unguja, walikuwa na jibu lao kabla ya wote. Ardhi ya mji ni ya mji. Kiambo, palipo nyumba na minazi, kilishikwa na ukoo. Uwanda na msitu vilikuwa vya wote. Aliyetaka konde alifyeka, akachoma, akalima misimu michache, kisha akaliacha lipumzike miaka mingi. Mti ulikuwa na hukumu yake mbali. Mti ni wa aliyeupanda, na wa watoto wake, hata kama ardhi iliyo chini yake si yake. Mtu aliweza kurithi minazi mitatu katika kiambo cha watu wengine na asionekane kioja. Palikuwa pia na sehemu zisizoguswa kabisa, za mizimu, ambazo mvyale, mwangalizi wa mizimu hiyo, ndiye aliyejua nani aingie, lini, na kwa sadaka gani. Maisha yale hayakuwa ya neema. Njaa ilikuwa ikipita. Lakini katika maweni, penye udongo wa kina cha kiganja, yale mapumziko marefu ya konde ndiyo yaliyourudisha msitu kila ulipofyekwa.

Kisha ukaja mkarafuu. Kwao ni Maluku, visiwa vya Indonesia ya leo, ambako Waholanzi waliulinda kwa kung'oa na kuchoma kila mti ulioota nje ya visiwa walivyovichagua wao. Mfaransa Pierre Poivre aliutorosha hadi Morisi mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19, kutoka visiwa vya Wafaransa, ukafika Unguja. Sifa ya kuuleta hupewa Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil, aliyepanda Mtoni na Kizimbani. Seyyid Said bin Sultan alipokuja mara ya kwanza mwaka 1828 aliiona faida iliyomo. Mashamba ya Saleh hayakukaa sana mikononi mwa mwenyewe; yakaishia kuwa mali ya Seyyid. Ikafuata amri ambayo inasimuliwa mpaka leo: mwenye shamba, kwa kila mnazi mmoja alionao, apande mikarafuu mitatu, na asiyetii ardhi yake ichukuliwe.

Tuikalie amri hiyo kidogo. Mkarafuu hautaki haraka. Mche wake mchanga hutaka kivuli, hutaka kupaliliwa, hutaka udongo wenye kina usiotuama maji, na huanza kuchumwa baada ya miaka sita hadi minane. Hakuna mnyonge anayeweza kupanda kitu kisichomlisha kwa miaka minane, akaendelea kula. Anayeweza ni mwenye mtaji, au mwenye watu anaowamiliki. Kwa hiyo mti huu, kwa tabia yake tu, uliita watumwa. Maelfu kwa maelfu walivushwa kutoka bara, wakafyeka msitu wa Unguja magharibi, wakachimba mashimo, wakapanda, wakapalilia, wakachuma. Seyyid peke yake, alipofariki mwaka 1856, aliacha mashamba 45. Na wale waliopanda mti mmoja baada ya mwingine hawakuwa na mti hata mmoja. Hukumu ya zamani, kwamba mti ni wa aliyeupanda, ilipinduliwa palepale kwenye shimo la mche.

Ardhi nzuri ikawa mashamba, na wenyeji wakajikuta zaidi na zaidi upande wa jiwe. Bado wanahistoria hawajakubaliana ni wangapi waliosukumwa na ni wangapi waliokuwa huko tangu awali. Ramani yenyewe haina ubishi: karafuu magharibi, Mhadimu mashariki. Uwanda uliokuwa akiba ya wote sasa ulitakiwa uwalishe watu wengi zaidi, na uutolee mji kuni, makaa, chokaa na miti ya kujengea.

Mji ule nao ulikula msitu kwa namna yake. Ingia chumba chochote cha zamani cha Mji Mkongwe, ulale chali, utazame dari. Utaziona boriti za mikoko zimepangwa sambamba, nyeusi, ngumu kama chuma. Vyumba vile ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, na fundi alijenga kwa kipimo alichopewa na mti. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe hayohayo kwenye tanuu la magogo. Kila jumba la kifahari lilikuwa na kipande cha msitu na kipande cha mikoko ndani yake.

Pemba ilichelewa, lakini ilipobadilika ilibadilika kuliko Unguja. Kisiwa ambacho Waarabu walikiita cha kijani kilikuwa kikipeleka mpunga nje, hadi Mombasa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja na kuiangusha karibu theluthi mbili ya mikarafuu yake. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Bei ikapanda, na kila mwenye bonde na kilima huko Pemba akapanda karafuu. Baada ya hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao, na visiwa vilivyokuwa vikijilisha vikawa vinangoja mchele wa India na Burma kwa meli. Kwangu mimi hili ni badiliko kubwa kuliko hata kukatwa kwa msitu. Kisiwa kilichokuwa kikila jasho la mabonde yake kilianza kula bei ya soko la mbali.

Waingereza walipoweka ulinzi wao mwaka 1890 hawakuja na zao jipya. Walikuta serikali inaishi kwa ushuru wa karafuu, wakaendelea kuishi kwa ushuru huohuo. Utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1897, lakini shamba lilibaki kwa mwenye shamba. Aliyekuwa mtumwa, pamoja na waliokuja kutoka bara kutafuta kazi, na Wahadimu walioshuka kutoka kwenye jiwe, waliruhusiwa kujenga kibanda chini ya mikarafuu na kulima muhogo, mahindi na viazi baina ya mistari. Hawakulipa kodi. Malipo yao yalikuwa kule kupalilia tu, maana aliyepalilia muhogo wake alipalilia na karafuu ya bwana. Sharti lilikuwa moja, na hilo ndilo lililonifanya niiandike sura hii: wasipande mti wa kudumu. Muhogo sawa, mpunga wa bondeni sawa, mgomba huenda. Mnazi hapana, mwembe hapana, mkarafuu kabisa hapana. Kila mtu visiwani alijua kwamba anayepanda mti ana dai, na mwenye shamba hakutaka dai lolote liote mizizi kwake.

Fikiria maana ya sharti hilo kwa udongo wenyewe. Watu waliokuwa wengi kuliko wote mashambani, wenye mikono na wenye kujua kila kichuguu, waliamriwa wasipande kitu kinachoishi zaidi ya miaka miwili. Wenye haki ya kupanda walikuwa mjini, na wengi wao walizama kwenye madeni. Kufikia miaka ya 1930 mashamba mengi yalikuwa rehani kwa wakopeshaji wa Kihindi, na mwaka 1934 serikali ilitoa sheria za kuzuia ardhi isihamie kwa wadai. Chama cha wakulima wa karafuu, kilichoundwa mwaka 1927, kilipewa mamlaka makubwa ya kununua zao, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na ugomvi ukafika mpaka India. Katika kelele zote hizo, ya bei, ya deni, ya nani anunue, mkarafuu wenyewe ulikuwa unazeeka. Miti mingi ilikuwa ya baada ya kile kimbunga. Ndipo ulipozidi ugonjwa ambao wataalamu waliuita kifo cha ghafla: mti mkubwa, uliokuwa mzima, hugeuka rangi ya kutu na kukauka umesimama. Nchi iliyoweka mti wa aina moja kila mahali ilijionea jinsi mti huo unavyoweza kufa kila mahali.

Kuna jambo dogo la zama zile ambalo kila mkaazi wa mjini hulisikia asubuhi. Kunguru wa Kihindi, yule mwenye shingo ya kijivu, aliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Alikula takataka, kisha akala mayai na makinda ya ndege wa kisiwa, vifaranga vya kuku, na kila kilichoanikwa. Akavuka akafika bara, na sasa amejaa pwani nzima. Hakuna amri ya mkoloni inayopiga kelele mpaka leo kama hiyo.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 1957 siasa iliingia shambani. Wenye mashamba walianza kuwafukuza wakaazi waliokuwa upande wa pili wa kura, na muhogo ukang'olewa. Asiyekuwa na mti hakuwa na ushahidi wa miaka aliyoishi pale. Hasira iliyolipuka baadaye ilikuwa na sababu nyingi, na hii ni mojawapo ambayo vitabu vya siasa huipita haraka.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalijibu swali kwa neno moja: Serikali. Ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, na kuanzia mwaka 1965 Rais Abeid Amani Karume aligawa mashamba kwa eka tatu tatu. Maelfu ya familia, zikiwemo zile zilizozuiwa kupanda mnazi, zilipata karafuu, minazi na ardhi nzuri ya magharibi. Atakayelipuuza tendo hilo hajawahi kukaa kwenye kibanda kinachoweza kubomolewa kesho. Ukipita leo kwenye eka tatu utaona ule mchanganyiko unaopendeza: mkarafuu juu, mgomba chini yake, muhogo, nanasi, mpilipilimanga umeupanda mgliricidia. Shamba la mtu mmoja kwa zao moja lilivunjwa likawa bustani ya kula na kuuza.

Lakini jibu lilikuwa nusu. Mgawiwa alipewa kutumia, hakupewa kumiliki. Asiuze, asiweke rehani, na aliweza kunyang'anywa. Karafuu alizochuma alitakiwa aziuze kwa Serikali tu, kwa bei ya Serikali, na kwa miaka mingi bei hiyo ilikuwa sehemu ndogo ya ile iliyolipwa na mnunuzi wa nje. Kazi ya karafuu unaijua ukiifanya. Mchumaji hupanda mti mrefu wenye matawi yanayovunjika upesi, huvuta tawi kwa kamba, hukata kishada kizima. Jioni familia huketi barazani kuchambua: unashika kishada, unakisugua kwa kiganja, karafuu huanguka upande huu na makonyo upande ule, na harufu hubaki mkononi mpaka asubuhi hata ukila wali wa samaki. Kisha majamvi juani, na watoto kulinda mvua. Kwa bei ile ya kutupa, wengi waliuona mkarafuu mfu kuwa kuni, na mkarafuu mzima kuwa mzigo. Wa Pemba walizivusha karafuu zao usiku kwa ngarawa na mashua kuelekea Kenya, na vijiji vikawekewa doria. Indonesia, iliyokuwa mteja mkuu kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ilipanda miti yake yenyewe, na katika miaka ya 1980 soko likaporomoka. Nani angepanda mche wa miaka minane katika hali hiyo?

Mnyama mmoja alilipa gharama ya pekee. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko wa bara, na madoa yake yalikatikakatika. Kadiri konde zilivyoingia msituni ndivyo alivyosogea kwenye mbuzi. Watu waliamini wachawi huwafuga chui na kuwatuma. Baada ya Mapinduzi iliendeshwa kampeni, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi na kuungwa mkono na wakubwa, ya kuwasaka wachawi na chui wao kwa pamoja. Kufikia miaka ya 1990 wataalamu wengi walikuwa wamekata tamaa ya kumwona tena. Mwaka 2018 kamera iliyotegwa msituni ilinasa picha ya mnyama anayefanana naye, na matumaini kidogo yakarudi.

Kima punju amepata bahati zaidi. Anaishi Unguja na si kwingineko duniani, ukiacha wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, mwaka 1974. Jozani, msitu mkubwa wa asili uliobaki Unguja, uliwahi kuwa wa kupasua mbao kabla ya kuhifadhiwa, na mwaka 2004 ukawa sehemu ya hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Nje ya msitu, kima hawa wamejifunza kula majani ya miembe na mikungu iliyopandwa na watu. Majani hayo yana sumu ndani yake, basi kima huyafuatiliza na mkaa. Huuchukua kwenye mabaki ya tanuu za wachoma makaa, akautafuna akiwa amekaa tawini, na tumbo likatulia. Mnyama ambaye msitu wake uligeuzwa makaa anatumia makaa hayo kuishi katika miti ya mashamba. Nimemwona akifanya hivyo, na sijawahi kuusahau mkono ule mdogo mweusi.

Utawala wa sasa, ule wa fedha za uwekezaji, haukutafuta udongo wa magharibi. Sheria ya kulinda vitega uchumi ilipitishwa mwaka 1986, na macho yakageukia Nungwi, Paje, Jambiani na Kiwengwa, upande ule uliodharauliwa kwa miaka 150. Kwa karafuu jiwe lilikuwa hasara. Kwa hoteli, jiwe lenye mchanga mweupe mbele yake ni dhahabu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kina mama wa huko walikuwa wameanza kulima mwani kwenye maji yale yale, zao la kwanza la biashara lililowafaa watu wa maweni, na sasa wanagombania pwani na boti za watalii, huku bahari inayopata joto ikiua ile aina ya mwani yenye bei nzuri.

Na swali letu likarudi kwa sura ya ajabu. Kwa kuwa ardhi ni ya Serikali, mwanakijiji hawezi kuiuza. Anachoweza kulipwa ni minazi yake. Ufukwe wenye thamani ya mamilioni ya dola ukapimwa kwa idadi ya minazi iliyosimama juu yake, na aliyekuwa na mitano akalipwa mitano. Ile hukumu ya mababu, kwamba mti ni wa aliyeupanda hata kama ardhi si yake, ambayo ilikusudiwa kumlinda mnyonge, sasa ndiyo iliyomtoa pwani kwa bei ya nazi.

Hoteli inataka mchanga na maji. Maji ya Unguja ni ya mvua iliyozama kwenye jiwe; ukiyavuta kuliko yanavyoingia, chumvi ya bahari hupanda kisimani. Mchanga wa kujengea unachimbwa mashambani, kaskazini kwenye Donge na kwingineko, na shimo linalobaki halipandwi kitu. Watu nao wameongezeka: sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 355,000 katika visiwa hivi; ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Mji umeshapanda juu ya kinongo. Udongo uliopiganiwa na masultani, wadai, wakoloni na wanamapinduzi, bora kuliko wote kisiwani, unafunikwa kwa matofali na watu wanaohitaji mahali pa kulala, na hakuna anayeweza kuwalaumu. Anayeweza kulaumiwa ni mpangaji wa miji aliyejua mipaka ya udongo huo na akanyamaza.

Kuanzia mwaka 2011 Serikali ilipandisha sana bei ya karafuu kwa mkulima na kugawa miche. Ni hatua ya haki, iliyochelewa kwa nusu karne. Lakini mche si mti. Kama babu yako alipewa eka tatu, na wewe umekulia Dar es Salaam, Muscat au London, rudi ukaitafute karatasi yake kabla haijaliwa na mchwa. Ipeleke ikasajiliwe kwa majina ya wote wenye haki, wakiwemo mashangazi zako. Kisha mpe mche yule anayeishi hapo na kupalilia, na mwandikiane, mbele ya sheha, kwamba atakaoupanda utakuwa wake.